Mwanasesere wa Kale Hasemi: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Kama una mwanasesere wa kale mwenye mkono wa kuzungushia mgongoni, usiuzungushe. Nalisema hili kabla ya jingine lolote kwa sababu ndilo kosa la kwanza la wengi: mtu anauona mkono, anauzungusha, anasikia mkwaruzo, anazungusha tena kwa nguvu zaidi. Kwa wanasesere wa Thomas Edison wa mwaka 1890, wenye sauti iliyorekodiwa kwenye pete ya nta, mizunguko hiyo michache inaweza kufuta kilichobaki, na kilichobaki hakina nakala popote duniani. Mwanamke mmoja alikaa mbele ya mashine akakariri kishairi cha watoto, na nta iliyochorwa na sauti yake siku hiyo ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya mdoli huyo.

Kwa hiyo uchunguzi hauanzi na bisibisi. Unaanza na macho, unafuata na pua, kisha vidole. Masikio yanakuja mwisho, na kwa baadhi ya wanasesere tu.

Kwanza mjue uliye naye

Dalili moja huwa na chanzo tofauti kwa kila aina, na aina unazoweza kukutana nazo ni nne.

Wa kale kuliko wote hawana rekodi yoyote ndani. Wana mvukuto mdogo unaosukuma hewa kupita kwenye ulimi mwembamba, na sauti hutengenezwa papo hapo. Johann Maelzel, ambaye wanamuziki wanamjua kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, alipata hataza ya mwanasesere wa namna hii Paris mwaka 1824. Mdoli huyo alisema "mama" na "papa".

Aina ya pili ni ya Thomas Edison, na ndiyo inayonishughulisha zaidi hapa. Ana urefu wa sentimita 56 hivi na uzito unaokaribia kilo 1.8, mzito kwa mtoto mdogo kumbeba siku nzima. Kiwiliwili ni cha bati, mikono na miguu ni ya mbao yenye viungo, na kichwa ni cha kaure isiyong'aa kilichotengenezwa Ujerumani na Simon & Halbig; tazama nyuma ya shingo, chini ya nywele, utakuta namba ya kalibu, mara nyingi 719. Kifuani ana matundu madogo ya kutolea sauti, na mgongoni kuna mahali pa mkono wa kuzungushia.

Wa tatu ni Mfaransa, Bébé Jumeau wa mwaka 1893, aliyetiwa mashine ya Henri Lioret, fundi saa wa Paris. Huyu ana springi inayokazwa kwa ufunguo. Wa nne ni wa plastiki mwenye kamba ya kuvuta nyuma ya shingo. Anayejulikana zaidi ni Chatty Cathy wa kampuni ya Mattel, aliyeingia madukani mwaka 1960.

Kifua kina matundu, ndani mtupu

Usikimbilie kudhani kwamba mashine iliibwa. Wanasesere wa Edison walianza kuuzwa Aprili 1890, na kufikia Mei uzalishaji ulikuwa umesimama. Biashara nzima ilidumu wiki sita hivi. Takriban 2,500 walikuwa wamepelekwa kwa wauzaji, na inakadiriwa kuwa waliouzwa na kubaki kwa wanunuzi hawakufika 500. Waliobaki ghalani walikuja kutolewa mashine na kuuzwa kama wanasesere wa kawaida. Kwa hiyo tumbo tupu linaweza kuwa ndilo alilotoka nalo kiwandani.

Tazama ndani kwa tochi. Mashine iliyong'olewa baadaye na mtu mwingine huacha alama za bisibisi zilizong'aa juu ya kutu, au matundu ya skrubu yaliyopanuka. Vyovyote utakavyokuta, usimtafutie mashine ya mwenzake umtie. Wauzaji wa vitu vya kale hufanya hivyo ili kupandisha bei, na matokeo yake anabaki mwanasesere ambaye hakuna anayeweza tena kusema kwa hakika sauti yake ilitoka wapi.

Mkono unazunguka, kitu kinagonga ndani, sauti haitoki

Ili kuelewa tatizo hili, fikiria kilichomo. Pete ya nta imekaa juu ya ekseli yenye nyuzi za skrubu. Mtoto akizungusha mkono, ekseli inazunguka na pete inasogea kidogo kidogo mbele ya sindano. Sindano imeungana na kiwambo chembamba, na sauti ya kiwambo inapita kwenye pembe fupi hadi kwenye matundu ya kifua. Kishairi kikiisha, pete inaachiliwa na springi inairudisha mwanzo. Kuna pia gurudumu la kutuliza mwendo. Yote haya yamefungwa ndani ya bati, kisha yakapakiwa kwenye treni na magari ya farasi kutoka West Orange, New Jersey, kwenda madukani.

Yalilegea njiani. Aprili hiyohiyo ya 1890 duka moja la Boston lilikiandikia kiwanda kwamba wanasesere watano au sita wamerudishwa: baadhi mashine zimelegea ndani, wengine hawasemi kabisa. Kwa maneno mengine, mgongano unaousikia leo huenda ni hitilafu iliyotoka nao dukani, na fundi yeyote wa baadaye hana lawama.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia, basi, ni skrubu zilizolegea. Mlaze mwanasesere juu ya kitambaa kinene, mgeuze taratibu sana, usikilize kinachogonga kiko upande gani. Ukisikia kitu kinabingirika, acha. Kamera ndogo ya waya, zile ambazo mafundi wa magari na mabomba huziunganisha kwenye simu, inapita katika matundu mengi ya kale na itakuonyesha hali bila kufungua kitu. Piga picha kila unachokiona kabla ya hatua nyingine.

Chanzo cha pili ni pete iliyopasuka. Nta husinyaa kwa baridi kuliko chuma kilicho ndani yake. Chuma kinakataa kusinyaa, nta inapasuka. Ufa huonekana kama mstari mmoja ulionyooka unaokata kwa upande mifuo yote, yaani mistari iliyochimbwa na sauti. Mwanasesere aliyehifadhiwa darini katika nchi ya majira manne amepitia mabadiliko hayo kila mwaka, na ufa ndio unaotegemewa zaidi.

Cha tatu ni sindano iliyobanduka kwenye kiwambo. Hapo kila kitu kinazunguka vizuri na hakuna kinachosikika. Hili ndilo kosa jepesi kulirekebisha na pia ndilo la hatari zaidi, kwa sababu fundi akiirudisha sindano mahali pake atataka kujaribu. Mpe kazi hiyo fundi saa aliyezoea vitu vya makumbusho, na mwambie wazi kwamba hutaki jaribio.

Anasema, lakini sauti inazidi kufifia

Katika barua ileile ya Boston kuna mnunuzi aliyemrudisha mwanasesere kwa sababu baada ya kumtumia saa moja sauti ilizidi kupungua hadi haikueleweka. Ninaliheshimu sana lalamiko hilo. Limeeleza ugonjwa wenyewe kwa usahihi kuliko tangazo lolote la kiwanda.

Katika rekodi za Edison sindano huchimba mfuo wenye vilima na mabonde: inapanda na kushuka kufuata sauti, haiyumbi kushoto na kulia kama kwenye santuri bapa zilizokuja kuenea baadaye. Wakati wa kusikiliza, sindano ya chuma inakanyaga vilima hivyohivyo vya nta. Kila ikipita inavikwangua kidogo. Vinavyoanza kuondoka ni vile vidogo kabisa, na hivyo ndivyo vinavyobeba konsonanti. Kwanza unapoteza ncha za maneno, kisha maneno yanageuka mlolongo wa irabu, mwishoni unabaki na mkwaruzo. Mtoto aliyependa mdoli wake alimnyamazisha kwa kumpenda.

Swali la haki ni kwa nini kiwanda kilitumia kitu laini namna hiyo. Walijaribu kigumu kwanza. Wazo la vitu vya kuchezea vyenye sauti Edison alilitaja mwaka 1878, mwaka mmoja tu baada ya fonografu ya karatasi ya bati, mashine yake ya kunasa na kurudisha sauti. Na kampuni ya wanasesere ilianzishwa mwaka 1887 na William Jacques na Lowell Briggs wa Boston, ambao walikuwa na mfano wao. Mwaka 1888 majaribio yalifanyika kwa pete za madini ya bati. Pete hizo hazichakai upesi, ila kuchora sauti juu ya chuma kunahitaji nguvu nyingi na matokeo yake ni makali. Nta ilipokea sauti vizuri zaidi, wakaichagua.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba mwaka 1890 hapakuwa na njia ya kiwandani ya kunakili rekodi. Silinda, yaani rekodi zenye umbo la mkebe, za kumimina kwenye kalibu, zenye ubora wa kuuzwa kwa wingi, Edison alizitoa mwaka 1902. Kwa hiyo kila mwanasesere alirekodiwa peke yake. Kiwanda kiliajiri wanawake vijana waliokaa kila mmoja mbele ya mashine yake, wakikariri kishairi kilekile kutwa nzima: Mary na mwanakondoo wake, Jack na Jill, nyota inayometameta. Jarida la Scientific American lilieleza kazi hiyo Aprili 1890, na mwandishi wake alistaajabia kelele za wasichana wote wakisema kwa pamoja. Majina yao hayakuhifadhiwa. Mwanasesere uliye naye ana sauti ya mmoja wao, na kwa yule binti pengine hakuna alama nyingine ya sauti iliyobaki.

Ndiyo maana kwa dalili hii sina dawa ya nyumbani, na ninamwomba kila anayesoma asiijaribu. Usiipake nta mafuta ili iteleze. Usiipashe joto ili ilainike. Usibadilishe sindano kwa nyepesi zaidi ukidhani umepunguza madhara. Mwendo wa mkono na mtikisiko wa gia za zamani vinatosha kuiharibu.

La kufanya ni kuisoma bila kuigusa. Carl Haber, mwanafizikia wa Lawrence Berkeley National Laboratory huko California, na wenzake walibuni mfumo uitwao IRENE unaopiga picha za kina za uso wa rekodi. Kwa silinda na pete, mwanga hupima kimo cha kila nukta ya mfuo, vilima na mabonde yote, kisha kompyuta hukokotoa sindano ingepanda na kushuka vipi kama ingepita hapo. Sauti inapatikana na nta haikuguswa. Kituo cha Northeast Document Conservation Center, Andover, Massachusetts, kinatoa huduma hiyo kwa makumbusho na kwa watu binafsi. Rekodi kadhaa za wanasesere zilisomwa kwa njia hii, na tangu 2015 zinasikilizwa bure kwenye tovuti ya Thomas Edison National Historical Park. Ukitaka kujua mwanasesere wako alisikikaje, anza huko. Utapata jibu lako kwa sauti ya ndugu zake, na wake atabaki salama.

Pete imepinda au imebonyea

Ukikuta pete ya madini badala ya nta, umeshika kitu adimu mno. Usiinyooshe hata kidogo, hata kama vidole vinakwambia inanyooka kirahisi. Pete moja ya majaribio ya 1888 iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Edison ilikuwa imepinda kiasi kwamba hakuna sindano iliyoweza kuifuata. Mwaka 2011 Haber na Earl Cornell waliisoma kwa mwanga, kompyuta ikarekebisha umbo lake kwa hesabu, na mwanamke akasikika akikariri shairi la nyota. Wapo wanahistoria wanaoihesabu kuwa rekodi ya kale zaidi iliyopo ambayo ilitengenezwa kwa lengo la biashara. Kama mtu angeichukua nyundo ya mpira akainyoosha, mifuo ingebanwa na hesabu zote zingekosa cha kusoma.

Sauti nyembamba mno, au inapanda na kushuka

Sasa tunazungumzia nakala ya kidijitali, au rekodi uliyoipata mtandaoni.

Sauti ikipanda na kushuka, tafuta mpangilio wake. Ikiyumba mara moja kwa kila mzunguko wa pete, kwa utaratibu uleule, chanzo ni pete isiyo duara kamili au iliyokaa upande kwenye ekseli. Ukisikia tiki moja kila mzunguko, huo ni ufa. Mwendo ukibadilika bila utaratibu, na nakala imetokana na mtu kuzungusha mkono, lawama ni za mkono huo. Edison alimtegemea mtoto wa miaka mitano kuzungusha kwa kasi moja isiyobadilika; gurudumu la kutuliza mwendo lilisaidia kwa kiasi kidogo tu. Lakini ikiwa nakala imetokana na usomaji wa mwanga na bado inayumba bila mpangilio, basi kuyumba huko kulikuwepo siku ya kurekodi.

Kasi sahihi yenyewe ni swali gumu zaidi. Ukiongeza kasi mara mbili, sauti nzima inapanda oktava moja, na mtu mzima anageuka mtoto. Kwa mwanasesere mtego huu ni mkubwa, kwa sababu tayari tunategemea kusikia mtoto. Walionaswa si watu wadogo. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa First Sounds lilifanikiwa kuipa sauti michoro ya Édouard-Léon Scott de Martinville, Mfaransa aliyechora mitikisiko ya sauti kwenye karatasi yenye masizi mwaka 1860, miaka 17 kabla ya fonografu, bila njia yoyote ya kuirudisha kuwa sauti. Kilichosikika kilikuwa kama msichana akiimba wimbo wa Kifaransa. Mwaka uliofuata waligundua kwamba walikuwa wameisoma kwa kasi maradufu mitikisiko ya uma ya sauti, chuma kinacholia kwa noti moja isiyobadilika, iliyochorwa pembeni kama kipimo cha mwendo. Walipoipunguza, akatokea mwanamume anayeimba polepole, huenda Scott mwenyewe.

Rekodi ya mwanasesere haina uma ya sauti pembeni. Tumia mahadhi ya kishairi: mtu anayekariri huvuta pumzi mahali panapoeleweka, na kwa kasi isiyo sahihi pumzi hiyo inakuwa fupi kupita uwezo wa mapafu au ndefu kupita kiasi. Sikiliza pia irabu. Irabu za mwanamke mzima anayeigiza mtoto hubaki na umbo la kinywa cha mtu mzima. Hifadhi daima nakala isiyorekebishwa, na kwenye ile uliyorekebisha andika ulipunguza au uliongeza asilimia ngapi.

Kasi ni sahihi, na bado anatisha

Hili naulizwa kuliko yote. Watu wanasikiliza rekodi hizo za Edison na kusema ni sauti za mizimu. Edison mwenyewe ananukuliwa akiwaita wanasesere wake vijitu vya kutisha, ambavyo sauti zao zilikera masikio.

Hakuna hitilafu ya kurekebisha hapa, ila chanzo kipo na kinaelezeka. Rekodi za enzi hizo zilitegemea nguvu ya pumzi peke yake. Hapakuwa na maikrofoni wala umeme wa kukuza sauti. Ili sindano ichimbe, mwanamke alilazimika kupaza sauti, na ili afanane na mtoto, akaipandisha juu. Mtu anayepiga kelele kwa sauti nyembamba hata kama anasema sala ya usiku, ambayo nayo ilikuwa miongoni mwa maneno ya wanasesere hao, anasikika kama aliyeshikwa na hofu. Pili, mashine za wakati huo hazikunasa vizuri kitu chochote cha juu ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 2,500 au 3,000 hivi, na herufi kama "s" na "f" ziko juu zaidi ya hapo. Masikio yanapokea irabu zisizo na kingo. Tatu ni ngurumo ya uso wa nta, ambayo kwa rekodi iliyochakaa inakaribia kulingana na sauti yenyewe.

Ukiwa na programu ya kusafisha sauti, ishike kwa mkono mwepesi. Ukiondoa mkwaruzo wote utaondoa na konsonanti chache zilizonusurika. Mimi naona afadhali msikilizaji asikie mkwaruzo na neno, kuliko ukimya safi usio na neno.

Nta ina unga au madoa meupe

Vitu viwili hufanana hapa. Ukungu huota kwa mabaka ya mviringo, na chini ya kioo cha kukuza unaonekana una nyuzi. Umekula nta na kuacha vishimo ambavyo huwezi kuvijaza. Utando wa mafuta ya nta yenyewe hutandaa sawasawa, kama vumbi laini. Nta ya silinda za kahawia ni aina ya sabuni ya asidi za mafuta, na asidi hizo hujitokeza juu kadiri miaka inavyopita. Usifute chochote kati ya hivyo viwili. Mweke mwanasesere mahali pakavu, pa baridi isiyobadilikabadilika, usiifunge nta ndani ya mfuko wa plastiki, na usiguse mifuo kwa vidole, maana mafuta ya ngozi ndiyo chakula cha ukungu.

Kwetu pwani unyevu na joto vinafanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, na silinda za nta zimewahi kupita huku. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alisafiri na fonografu kutoka Lindi hadi uwanda wa Makonde, akanasa nyimbo za watu wa kusini mwa Tanzania ya leo. Rekodi zake zilifika katika hifadhi ya sauti ya Berlin, Phonogramm-Archiv, iliyoanzishwa mwaka 1900. Huko nta ilitengenezewa kalibu ya shaba kwa umeme. Silinda ya asili iliharibika katika kazi hiyo, lakini shaba ilibaki na nakala zikawezekana. Mkusanyiko huo wa silinda uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Sauti za wanasesere wa Edison hazikuwahi kupewa kinga kama hiyo.

Harufu ya kafuri, Bébé Jumeau

Lioret aliepuka mambo mawili yaliyomshinda Edison. Springi yake iliondoa mkono wa mtoto, na silinda yake ya seluloidi, plastiki ya zamani, ilikuwa ngumu kuliko nta na iliweza kubadilishwa, kwa hiyo mdoli mmoja akawa na maneno mengi. Ukisikia harufu hafifu ya kafuri kutoka tumboni mwake, ni kawaida: kafuri ni sehemu ya seluloidi. Ikiwa harufu ni kali, inachoma pua, na vyuma vilivyo karibu vimeanza kutu ya kijani, seluloidi inaoza na inatoa mvuke wa asidi. Itoe silinda, iweke peke yake kwenye boksi la karatasi lenye nafasi ya hewa, mbali kabisa na moto na jua. Seluloidi hushika moto kwa urahisi wa kuogofya.

Springi isiyokaza, au inayofyatuka ghafla, ni kazi ya kawaida ya fundi saa. Usiifungue mwenyewe, springi iliyokazwa inaweza kukata kidole. Silinda ikikwama kwenye ekseli, usiivute kwa nguvu: seluloidi hupungua kwa miaka na huenda imeibana.

Mvukuto unapumua, "mama" haitoki

Hawa wanatibika, na raha yake ni kubwa. Ukisikia hewa tu bila mlio, ngozi ya mvukuto imetoboka au imekauka kwenye mikunjo. Ufungue gizani na uweke taa ndogo ndani. Kila tundu litaonekana. Viraka vya ngozi nyembamba ya mbuzi au karatasi laini, vikibandikwa kwa gundi ya wanyama inayoweza kulainishwa tena kwa maji ya vuguvugu, vinatosha. Superglue usiilete karibu.

Mlio ukitoka bila kugawanyika kuwa silabi mbili, ulimi ni mzima na tatizo liko kwenye kifuniko kinachofunga na kufungua mdomo wa boksi, kile kinachofanya kazi ya midomo kwenye herufi "m". Mara nyingi kamba au bawaba yake imekatika. Mlio wa mkwaruzo unatokana na vumbi chini ya ulimi. Pitisha kipande cha karatasi safi chini yake na ukivute mara moja. Kwa wanasesere wa miaka ya 1920 wanaolia wakiinamishwa, boksi lina uzito unaokandamiza mvukuto. Wakikaa kimya ghafla, uzito huo umebanduka.

Kamba inavutwa: ngurumo, haraka mno, au sentensi ileile

Ndani ya Chatty Cathy kuna santuri ndogo ya plastiki yenye mifuo kadhaa iliyopishana, sentensi moja kwa kila mfuo. Wa kwanza walikuwa na sentensi 11, sauti ya mwigizaji June Foray. Baadaye zikaongezwa hadi 18. Unapovuta kamba unakaza springi, na sindano inadondokea kwenye mfuo uliokutwa. Santuri hizi zilichapwa kwa wingi mkubwa na nakala zipo, kwa hiyo hapa unaweza kujaribu na kusikiliza kwa moyo mkunjufu.

Ngurumo nzito, au kimya huku kamba ikirudi taratibu, karibu kila mara ni mkanda wa mpira. Mpira wa miaka ile umeyeyuka ukawa kama lami. Kiwiliwili chake kimegandishwa, hivyo fundi hulazimika kukipasua kwenye mshono wa ubavuni kwa wembe mwembamba. Futa lami yote kwa spiriti kwenye vyuma na magurudumu, lakini spiriti isiguse santuri. Weka mkanda mpya wenye unene uleule.

Maneno yakitoka mbio, kidhibiti mwendo kimeganda kwa mafuta ya zamani au mkanda mpya ni mfupi mno. Kamba isiyorudi kabisa ina maana springi imechomoka kwenye kishikizo chake. Akirudia sentensi moja kila mara, jaribu kwanza kuvuta kamba hadi mwisho wake. Watu wengi huivuta nusu. Ikiwa bado anarudia, mkono wa sindano haurudi hadi ukingoni mwa santuri: safisha egemeo lake, hakikisha springi yake ndogo haijapinda, kisha vuta tena mara kadhaa kabla ya kugandisha mshono.